Manahodha wawili katika boti ya mita tano: kisa cha lingikodi huko Rosario

Boti ilikuwa ya aluminiamu, urefu wa mita 5, mashine ya nguvu za farasi 40. Ndani yake watu wawili: mpwa, mwenye boti, mkazi wa siku nyingi wa jimbo la Washington, Marekani, na mjomba wake, mvuvi wa Kojani, Pemba, aliyekwenda kumtembelea. Jumamosi moja ya mwisho wa Mei waliishusha boti pale Washington Park, Anacortes, wakaenda upande wa nje wa kisiwa cha Burrows, penye miamba inayotazama mlango bahari wa Rosario. Walikuwa wanamtaka samaki aitwaye lingikodi. Tangu saa nne na nusu asubuhi mpaka saa sita na robo hawakupata kitu, na risasi (vyuma vya kuzamishia mshipi) walizoziacha kwenye mawe ni nyingi kuliko wanavyopenda kukiri. Kisha, kwa muda usiotimia saa nzima, wakapandisha samaki watano. Walirudi nyumbani na mmoja.

Kisa hiki nimesimuliwa na kila mmoja peke yake, na maji hayo nayajua. Mpwa analilaumu jedwali la maji kwenye simu. Mjomba analaumu risasi, kwamba zilikuwa nyepesi. Wote wana ukweli kidogo, lakini kila nikizilinganisha simulizi zao naona kilichowala ni kitu ambacho hakuna aliyekitaja: ndani ya boti ile hakukuwa na nahodha.

Nianze na samaki mwenyewe, maana bila yeye hesabu nyingine hazieleweki. Lingikodi (Ophiodon elongatus) ni wa Pasifiki ya Amerika Kaskazini tu, kutoka Alaska mpaka Baja California. Kwa macho ya mtu wa pwani yetu ni kama chewa aliyevutwa kwa urefu: kichwa kikubwa, mdomo mpana wenye meno marefu makali, madoa yanayofanana na jiwe analolilalia. Hana kazi ya kufukuza chakula. Hujibanza kwenye ukingo wa mwamba au mlangoni mwa tundu, akangoja kiumbe kipite karibu, ndipo aruke. Anakula pweza, heringi, samaki wa mwambani, na hata lingikodi wenzake wadogo. Kwa mvuvi maana yake ni moja: chambo kipite mbele ya pua yake, si zaidi ya mita moja hivi juu ya mwamba. Kikipita mita tano juu, umevua maji matupu.

Sasa maji. Mpwa alifungua jedwali la Anacortes akaona maji yanakupwa mpaka mwisho saa tano kasoro dakika kumi. Akahesabu kwamba saa hiyo mkondo utasimama, na kwamba wakifika nusu saa kabla watavua maji yakiwa yametulia. Mtu yeyote aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki angehesabu hivyo hivyo. Kojani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu kwa kimo kilekile, na mvuvi wa mwambani akiona maji yamefika mwisho wa kupwa anajua ana muda mfupi wa utulivu kabla hayajaanza kujaa. Kimo na mwendo vinafuatana.

Rosario havifuatani. Huo ni mlango kati ya bahari mbili ndogo: kaskazini kuna mlango bahari wa Georgia, kusini ule wa Juan de Fuca unaotokea Pasifiki. Maji hupita Rosario kwa sababu upande mmoja uko juu kuliko mwingine, na tofauti hiyo haiishi pale maji ya Anacortes yanapofika mwisho wa kupwa. Kimo kinaweza kuwa kimeshaacha kushuka, huku maji mengi ya Georgia bado yanatafuta njia ya kwenda kusini. Siku ile mkondo ulisimama kama saa saba kasoro dakika ishirini, karibu saa mbili baada ya kimo kufika chini kabisa. Na huwezi kujifunza tofauti hiyo mara moja ukaitumia kila siku, kwa sababu inabadilika. Isitoshe, kujaa na kupwa kwa pande zile hakulingani: siku hiyohiyo maji hupwa mara moja sana na mara nyingine kidogo tu, na miezi ya kiangazi kule kupwa kukubwa huangukia mchana. Kadiri maji yanavyokupwa sana ndivyo mkondo unavyokimbia na ndivyo muda wa kusimama unavyokuwa mfupi.

Hakuna siri hapo. NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na hali ya hewa, hutoa majedwali mawili tofauti, moja la kimo cha maji na jingine la mikondo, na Rosario imo katika la pili. Yote mawili yalikuwa kwenye simu ya mpwa. Alifungua la kwanza.

Kosa hilo peke yake lingewagharimu nusu saa. Kilichoifanya iwe karibu saa mbili ndicho kinachonisumbua.

Walipofika, walizima mashine juu ya mwamba wakaiacha boti iende na maji, kama watu wengi wanavyovua pale. Mpwa aliniambia kina kilikuwa mita 25 na mwamba wenyewe, kwa mujibu wa kipimo cha boti, ulikuwa na urefu wa mita 60 hivi kufuata upande wa mkondo. Boti ilikuwa inakwenda karibu kilomita tano na nusu kwa saa. Piga hesabu: hiyo ni mita 92 kwa dakika. Mwamba wote unapita chini yako kwa sekunde 40. Toa muda wa chambo kuzama mita 25, toa muda wa mshipi kunyooka, unabaki na kugonga chini mara chache tu kabla hujawa juu ya mchanga. Na mshipi wenyewe haunyooki. Mkondo unaukunja tumbo, risasi ya gramu 110 inanyanyuka, mvuvi anaongeza mshipi ili aifikie chini, na kadiri anavyoongeza ndivyo pembe inavyolala na ndoana inavyoburutwa ubavuni mwa mwamba mpaka inanasa. Hapo ndipo risasi zao zilikokwenda. Mjomba alisema kweli kwamba zilikuwa nyepesi kwa maji yale, lakini hata ukitia za gramu 300 bado una sekunde 40.

Dawa ipo na haihitaji kifaa. Mmoja anashika usukani, anaielekeza omo, yaani mbele ya boti, kwenye mkondo na kutia gia polepole ili boti ikae karibu palepale juu ya mwamba, na mwenzake avue mshipi ukiwa wima. Wanapokezana. Wengine hufanya hivyo kwa gia ya nyuma, shetri, yaani nyuma ya boti, ikitangulia kwenye mkondo, kwa sababu boti hutii vizuri zaidi. Kwenye boti ya mita 5 yenye shetri fupi sikushauri, wimbi moja la meli likija unakaribisha maji ndani. Na meli zipo: Rosario ndiyo njia ya meli za mafuta ziendazo kwenye viwanda vya kusafishia mafuta vya March Point. Nilimuuliza mpwa kwa nini hakufanya hivyo. Alicheka, akasema alitaka wote wawili wavue. Nadhani kwa kweli aliona vibaya kumwambia mjomba wake avue huku yeye akiendesha, kama dereva na abiria, au kinyume chake, kumpa mzee usukani wa mashine asiyoizoea.

Baada ya kupita mwambani mara tatu, na hapa simulizi zote mbili zinakubaliana, mjomba aliyatazama majani marefu ya mwani yaliyokuwa ndiyo kwanza yanafika juu karibu na kisiwa. Yalikuwa yamelala yote upande wa kusini, na vile vibofu vyake vya kuelea vilikuwa vinavutwa chini ya maji na kuibuka tena.

"Mjomba," mzee akamwambia mpwa wake, "haya maji mbona bado yanatoka?"

"Jedwali linasema yamefika mwisho, mjomba. Sasa hivi yanasimama."

"Haya."

Ile "haya" iliwagharimu zaidi ya saa nzima. Mjomba alikuwa ameona. Mtu aliyevua miambani tangu utotoni, aliyelala dago, kambini kwa wavuvi, kwa miezi, haihitaji NOAA kumwambia mwani umelalia wapi. Lakini boti si yake, bahari si yake, na aliyemjibu ni mwenyeji wake. Akaona akisema zaidi atakuwa anamfundisha mtu kazi ndani ya nyumba yake. Mpwa naye hakuchukua ile kauli kama taarifa. Aliichukua kama swali la mgeni, akalijibu kwa upole. Wakaendelea kupita mwambani vilevile, kwa kasi ileile, risasi zikiendelea kubaki chini.

Muda kidogo baadaye mjomba alipendekeza kutia nanga. Kwao hiyo ndiyo njia: unafika juu ya mwamba wako, unatia nanga, unavua. Hapa mzee alikosea, na kosa lake lilikuwa la hatari kuliko la jedwali. Kutia nanga kwenye mkondo wa kasi ile, juu ya mawe yenye nyufa, ni kujifunga. Nanga ikinasa, kamba ikateleza kuelekea shetri, boti ndogo huvutwa chini upande wa mashine na kujaa maji kabla mtu hajapata kisu. Na maji ya Rosario mwezi wa Mei yana nyuzijoto 10 hivi. Mtu akianguka, dakika ya kwanza anahema ovyo bila kujizuia, na ndani ya kama dakika kumi mikono haikamati tena. Mtu wa Kojani anayejua kuogelea kutwa nzima kwenye maji ya nyuzi 27 hana sababu ya kulijua hilo kama hajaambiwa.

Mpwa alilijua. Hakusema. Alijibu, "Ngoja tujaribu mara moja tena, mjomba," akawasha mashine. Kila nanga ilipotajwa, jibu likawa lilelile, "mara moja tena." Ndivyo walivyoimaliza asubuhi: mmoja akiona maji na asiseme mpaka mwisho, mwingine akijua hatari na asikatae waziwazi. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake unahodha, na chombo kikaenda mrama vilevile.

Lililowaokoa ni maji yenyewe. Kuanzia saa sita na robo mwani ulianza kusimama, mshipi ukanyooka, na boti ikawa inatambaa.

Wa kwanza alikuwa wa mpwa, inchi 31, sawa na sentimita 79. Nataja inchi kwa sababu kanuni za jimbo zimeandikwa hivyo, na kwenye eneo lile ni kali: msimu ni kuanzia tarehe 1 Mei hadi 15 Juni tu, lingikodi mmoja kwa mtu kwa siku, asipungue inchi 26 wala asizidi 36. Huyo alikuwa halali, akapigwa kichwani akatiwa kwenye barafu. Wa pili, wa mjomba, inchi 24. Akarudishwa. Mjomba hakulalamika, mdogo ni mdogo hata Pemba.

Wa tatu ndiye mwenye kisa. Mjomba alikuwa haitumii ile fimbo ya kuvulia kama fimbo. Aliishika, lakini mshipi aliupitisha kwenye vidole vya mkono wa kushoto, juu ya rili (gurudumu la kuzungushia mshipi), akiusikiliza. Alihisi samaki mdogo akidona, akampiga, akaanza kumpandisha. Katikati ya safari mzigo ukawa mzito ghafla. Haukuwa mkukuru wa samaki aliyenaswa. Ulikuwa uzito uliotulia, kama gunia. "Amenasa kwenye jiwe," mpwa akasema. "Jiwe halipandi," mjomba akajibu, akaendelea kuvuta polepole, bila kushtua.

Kilichotokea juu ni samaki wa mwambani wa jamii ya Sebastes, wa kiasi cha kiganja na nusu, na nyuma yake lingikodi aliyemng'ata kiunoni na kukataa kumwachia. Ndoana haikumgusa kabisa. Lingikodi hufanya hivyo sana: akishakamata mawindo hufuatana nayo mpaka juu, kana kwamba ndoana ni jambo la mwenzake. Humtoi kichwa nje ya maji, kwa sababu hewa ikimpiga tu anaachia. Mjomba, ambaye hakuwahi kumwona samaki huyu, alimzuia kiasi cha shubiri mbili chini ya uso wa maji bila kuambiwa na akanyosha kidevu kumwonyesha mpwa wapi pa kupitisha kimia. Mpwa akakipitisha kutoka chini. Hapo kwa mara ya kwanza siku ile walifanya kazi kama watu wa chombo kimoja.

Inchi 41. Mita moja na sentimita nne. Labda kilo 12 au 13.

Na akarudishwa. Mjomba hakuamini. Kwao samaki wa namna ile hushushwa kwa kelele, na watu huitana. Mpwa alimwambia "sheria, mjomba," na mjomba akanyamaza kwa namna ambayo mpwa anasema aliisikia mpaka nyumbani. Neno "sheria" lilikuwa jibu la kivivu, kwa maoni yangu, hasa kwa mvuvi. Sababu yenyewe mzee angeielewa mara moja: dume la lingikodi ni nadra kufika inchi 36. Anayezidi hapo karibu kila mara ni jike, na jike kubwa hutaga mayai mengi sana, mpaka kufikia laki tano. Hutagia kwenye nyufa za miamba wakati wa baridi, dume hubaki kuyalinda mpaka yaanguliwe, ndiyo maana msimu hufunguliwa Mei, walinzi wakishamaliza kazi. Ukiondoa jike la mita moja mwambani hujaondoa samaki mmoja.

Lingikodi hana kibofu cha hewa, kwa hiyo kupandishwa kutoka mita 25 hakumdhuru. Alipoachiwa kwenye kimia alikaa kidogo, akapiga mkia mara moja, akazama. Yule aliyeng'atwa hali yake ilikuwa nyingine. Samaki wa Sebastes wana kibofu, hewa hutanuka wanapopanda, macho hutoka nje na tumbo husukumwa mpaka mdomoni. Ukimtupa juu ya maji ataelea mpaka ndege amwone. Kuondoka nao hairuhusiwi kwenye eneo lile, na kila boti inayovua samaki wa chini inapaswa kuwa na kifaa cha kuwashushia: kibano chenye uzito, unambana mdomo wa chini, unamshusha mpaka chini, unavuta, kinaachia. Mpwa alikuwa nacho. Kilikuwa chini ya kiti cha omo, ndani ya mfuko, chini ya mifuko mingine. Dakika kama tano za utulivu wa maji ziliishia hapo. Majeraha ya meno yalikuwa mabaya na sidhani yule samaki aliishi, lakini walifanya walichopaswa.

Wa mwisho alikuwa tena wa Sebastes, naye akashushwa, safari hii haraka. Saa saba na dakika chache maji yalikuwa yameanza kwenda kaskazini na mpwa akasema warudi. Mjomba alitaka wangoje maji yasimame tena jioni, na hapa mpwa alikuwa sahihi kabisa, ingawa kwa mara nyingine hakueleza kwa nini. Alasiri za Mei upepo hushika kutoka magharibi kupitia Juan de Fuca. Maji yanapojaa huelekea kaskazini, upepo na maji hayagombani sana na bahari hubaki ya kuvumilika. Jioni yakianza kutoka tena yanapambana na upepo uso kwa uso, na upande wa kusini wa Rosario mawimbi husimama wima na kukaribiana. Kwa boti ya mita 5 hiyo si bahari ya kungojea samaki mmoja.

Jikoni kulikuwa na mshangao mwingine: nyama ya yule wa inchi 31 ilikuwa na rangi ya samawati iliyoelekea kijani. Baadhi ya lingikodi huwa hivyo, rangi inayohusishwa na biliverdini, dutu ya kijani iliyomo mwilini mwao. Haina madhara na hutoweka ikipikwa, nyama inakuwa nyeupe. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu, akala.

Msimu bado haujafungwa na wamepanga kurudi. Mjomba amenunua risasi za gramu 280 kwa pesa yake mwenyewe na hataki kusikia vinginevyo. Nimemshauri mpwa mambo mawili: amweleze mzee habari ya nanga na baridi kabla hawajatoka nyumbani, siyo juu ya maji, na wakubaliane kwamba nahodha ni yeye lakini msoma maji ni mjomba, na msoma maji akisema bado yanatoka, simu irudi mfukoni. La kwanza amelikubali. La pili anasema mjomba mwenyewe amelikataa, kwa sababu msoma maji havui, na yeye hakusafiri kutoka Pemba kwenda kutazama mwani.